Wapalestina wa Chile, Wafini wa Minnesota, na hili swali la nani ana damu ya biashara

(Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wetu wa Jumamosi hapa Minneapolis, nimeyaandika upya manake waliochelewa ni wengi kuliko waliowahi, kama kawaida yetu. Nimepunguza utani wa ukumbini, mengine nimeacha yalivyotoka mdomoni.)

Mwenyekiti asante sana. Wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana, na nyie watoto mnaokimbizana huko nyuma, karibuni.

Nimeambiwa nina nusu saa na mada ni maendeleo ya jamii za wahamiaji. Mada pana hiyo, mtu anaweza akazama nayo. Ila mnakumbuka ule mjadala uliowaka kwenye grupu letu la WhatsApp, mmoja akaandika kwamba kuna watu wana damu ya biashara, akataja Waarabu, na kuna watu wana damu ya kuajiriwa, hapo akatutaja sisi watu wa Afrika Mashariki, mwingine akadakia kwamba Mzungu popote anapohamia hapati shida, rangi inambeba. Mimi sikujibu siku ile, grupu lilishachafuka. Nikasema ngoja nichukue watu wawili niyapime haya maneno, nikachagua Wapalestina na Wafini, yaani watu wa Finland. Wafini kwa sababu hili jimbo tunalokaa limejaa wajukuu wao, wengine mnafanya nao kazi na hamjui. Wapalestina kwa sababu siku hizi kila mtu anawaongelea kama wakimbizi tu, kumbe kuna sehemu wana mabenki.

Tuanze na hiyo sehemu, Chile, huko chini kabisa Amerika ya Kusini. Ndiko wanakotajwa kuwa wengi kuliko nchi yoyote nje ya Mashariki ya Kati, makadirio yanayosemwa sana ni kama laki 5. Asili ya wengi ni vimiji vitatu vilivyopakana, Bethlehemu, Beit Jala na Beit Sahour, ni Wakristo, na Waorthodoksi ndo wengi. Walianza kuondoka mwishoni mwa karne ya 19 wakati kwao kunatawaliwa na Waturuki wa Osmani. Hali ya maisha ilikuwa ngumu, halafu kuanzia 1909 vijana wa Kikristo nao wakaanza kuandikishwa jeshini, hapo mama wa Beit Jala akaona bora mwanangu aende asikokujua kuliko akafie vita ya sultani.

Wanashuka Buenos Aires na meli, wanavuka milima ya Andes kwa nyumbu, baadaye kwa treni ilipofunguliwa reli mwaka 1910. Hati zao za kusafiria ni za Osmani kwa hiyo wenyeji wakawaita turco, yaani Mturuki, na haikuwa kwa heshima. Gazeti la El Mercurio la Santiago mwaka 1911 liliandika kwamba hawa ni wachafu kuliko mbwa wa Constantinople. Nalisema hili kwa yule ndugu yetu anayedhani walipokelewa na maua.

Kazi waliyoanza nayo ni umachinga. Ndiyo, umachinga huu huu. Kijana ana sanduku la mbao kabeba, ndani kuna sindano, nyuzi, vifungo, vitana, vioo vidogo, sabuni, soksi, na miaka ya mwanzo kabisa rozari na misalaba ya mbao za mzeituni na ya magamba ya chaza, ule ufundi wa Bethlehemu ambao wenyewe walishaupeleka mpaka maonesho ya Chicago ya 1893. Anatembea mashamba makubwa ya Chile ambako mfanyakazi hana duka lingine zaidi ya la bosi wake mwenye shamba, na bosi anapanga bei anavyotaka. Machinga anapita mlangoni, mama anachukua kitambaa leo, analipa kidogo kidogo kila jamaa akirudi. Na hiyo mali kwenye sanduku hajanunua, kapewa mali kauli na mjomba wake au mtu wa kijijini kwao aliyetangulia, ambaye ana duka la jumla mjini. Ukimaliza kuuza unarudisha ya mwenye mali, kinachobaki ni chako, ukiiba hiyo mali barua inafika Beit Jala kabla yako na dada zako hawaolewi.

Hapo ndo pa kusimama kidogo. Huyu kijana hana elimu kubwa, hana lugha, anatukanwa, lakini vitu viwili anavyo. Bei anapanga mwenyewe, na faida ikipatikana inalala mfukoni kwake. Miaka michache anapata duka, wanajazana sehemu moja Santiago ng'ambo ya mto Mapocho panaitwa Patronato, maduka ya vitambaa na nguo yamepangana mtaa mzima.

Halafu ikaja bahati ya wakati. Mdororo wa uchumi wa 1929 uliipiga Chile vibaya sana, shaba na chumvi ya nitrati zikakosa soko, hela ya kuagiza bidhaa nje ikaisha, serikali ikaamua viwanda vijengwe nyumbani na ikaweka ushuru mzito kwa nguo za nje. Sasa jiulize wakati huo nani Chile anajua kitambaa gani kinatoka, kwa bei gani, nani analipa na nani halipi? Wale wale wamachinga wa zamani. Juan Yarur, mtu wa Bethlehemu ambaye alishapita Bolivia na kuendesha kiwanda cha pamba kule, akaja kufungua kiwanda kikubwa cha pamba Santiago 1937, na mwaka huo huo ikaanzishwa benki ya BCI ambayo familia yake ipo nayo mpaka leo na ni moja ya benki kubwa za nchi. Wakafuata kina Hirmas, kina Sumar, kina Said. Kiwanda cha Yarur chenyewe wafanyakazi walikiteka 1971 wakati wa Allende, rais msoshalisti, manake kwa mfanyakazi pale ndani mambo hayakuwa mazuri hata kidogo, na hili tusilifiche. Alipokuja Pinochet, jenerali aliyempindua, akashusha ushuru mpaka asilimia 10 ilipofika 1979, viwanda vya nguo vikafa kama nzi. Ila waliokuwa na mtaji walishahamia kwenye mabenki, majengo, maduka makubwa. Familia ya Said ndo inatajwa na Parque Arauco, zile mall.

Si kwamba wote matajiri. Wengi ni watu wa kawaida, madaktari, mawakili, wenye viduka, na kuna hata wakomunisti, Daniel Jadue aliyekuwa meya wa Recoleta, ambako hiyo Patronato ipo, ni mjukuu wa Wapalestina. Na wana timu ya ligi kuu, Palestino, ya 1920, imechukua ubingwa 1955 na 1978, na 2014 waliweka ramani ya Palestina badala ya namba 1 kwenye jezi wakapigwa faini. Haya, mpira tuuache, naona vijana ndo mmeamka.

Wafini sasa. Kaskazini mwa hapa tulipo, saa tatu hivi kwa gari, kuna miji ya Hibbing na Virginia, migodi ya chuma ya Mesabi, na ukivuka kwenda Michigan ya juu kuna Hancock na Calumet, migodi ya shaba. Kati ya miaka ya 1860 na vita ya kwanza ya dunia Wafini zaidi ya laki 3 walikuja Amerika ya Kaskazini. Kwao kulikuwa chini ya Urusi, walitoka kwenye njaa ya 1866 mpaka 1868 iliyoua karibu mtu mmoja kwa kila kumi na mbili, vijana wa mashambani hawana ardhi, halafu 1901 Mrusi naye akataka kuwaingiza jeshini. Mnaona kufanana? Jeshi la mfalme wa wengine, ardhi haitoshi, meli. Mpaka hapo Mfini na Mpalestina ni ndugu.

Na kwa elimu Mfini alikuja vizuri tu. Kanisa la Kilutheri kule lilikuwa linadai usome ndo upate kipaimara, na bila kipaimara huozeshwi, kwa hiyo karibu wote wanajua kusoma. Weupe ndo usiseme, wana macho ya bluu.

Sasa angalia kazi. Calumet Wafini wanakuta vyeo vya mgodini vimeshakaliwa na Waingereza wa Cornwall, unyapara wao, ufundi wao. Mfini anapewa kusukuma toroli. Anashuka chini, anajaza mawe ya shaba kwa mikono na sepetu, toroli likijaa lina tani mbili na zaidi, analisukuma juu ya reli kwenye giza mgongo umepinda, analimwaga, anarudi kujaza jingine, zamu nzima. Ana nguvu kama ng'ombe na anasoma gazeti, lakini bei ya jasho lake haipangi yeye, inapangwa Boston kwenye ofisi ya kampuni, watu hajawahi kuwaona. Anapanga nyumba, nyumba mara nyingi ya kampuni. Akiumia mgongo basi. Akifa mtoto wake harithi toroli.

Hivyo walichofanya ni kile watu wanaojua kusoma wanachofanya wakibanwa, walianzisha magazeti, kumbi za kupinga pombe, vyama vya kisoshalisti, chuo. Mwaka 1907 migodi ya Mesabi ikagoma na Wafini ndo walikuwa mbele. Mgomo ukavunjwa, kampuni ya Oliver ambayo ilikuwa ya US Steel ikaweka majina yao kwenye orodha, ukiitwa Mfini hupati kazi, nenda zako. Wakaenda wapi? Makampuni ya mbao yalishakata msitu wote yakabaki mashamba ya visiki, yakawa yanauza kwa bei ya kutupa. Mfini akanunua. Baridi miezi sita, udongo mchanga na mawe, anang'oa kisiki kimoja kimoja, anapanda viazi, anafuga ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Ukipita leo kwenye kijiji cha Embarrass, sehemu inayosifika kwa baridi kali kuliko karibu zote hapa Minnesota, bado utaona mabanda ya magogo waliyochonga kwa shoka, pembe zimefungana hata kisu hakipiti.

Na 1913 Calumet kukawa na mgomo mwingine mrefu. Mkesha wa Krismasi familia za wagomaji wamejaa ukumbi wa ghorofani uitwao Italian Hall, watoto wanapewa zawadi, mtu akapiga kelele moto, na moto haukuwepo, watu wakakimbilia ngazi. Walikufa 73, watoto 59, wengi wao Wafini.

Kuhusu rangi kumbeba Mzungu. Januari 1908 hapa hapa Minnesota, Duluth, Mfini mmoja anaitwa John Svan aliomba uraia pamoja na wenzake na mwendesha mashtaka akapinga, akasema Wafini asili yao ni Wamongolia kwa hiyo si weupe, na sheria ya wakati ule ilimpa uraia mweupe na mtu wa asili ya Afrika basi. Jaji William Cant ndo akawaokoa, akasema hata kama zamani walikuwa na asili hiyo sasa hivi ni weupe kuliko watu wengi. Miaka hiyo hiyo na Waarabu wa nchi ya Sham, yaani Syria na majirani zake, ambayo kwa Marekani ilijumlisha na Palestina, walikuwa kwenye mahakama zile zile na swali lile lile, mpaka kesi ya George Dow 1915 ikaamua ni weupe. Kwa hiyo weupe kumbe ni karatasi, unapewa na jaji. Tofauti ni kwamba Mfini alishapewa akasahauliwa, vizazi viwili hakuna anayemuuliza tena. Mpalestina aliandikwa mweupe miaka zaidi ya mia kwenye fomu huku uwanja wa ndege anavuliwa viatu peke yake, mpaka Machi 2024 serikali ya hapa ndo imekubali kuweka kisanduku cha watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini.

Turudi kwa Mfini na visiki vyake. Hakutajirika, lakini hakufa. Mwezi wa saba 1917 wajumbe wa maduka ya ushirika ya Kifini walikutana Superior, Wisconsin, hapo ng'ambo ya Duluth, wakapitisha kofia kuchangisha, wakapata dola 15 na senti 50, ndo mtaji wa kuanzia duka la jumla la pamoja. Hiyo kofia ikazaa chombo kilichokuja kulisha maduka ya wakulima majimbo matatu, wana kahawa yao, unga wao, wenye nyota nyekundu kwenye kopo. Brooklyn huko New York Wafini wengine 1916 walijenga nyumba ya ghorofa ya ushirika waliyoita Alku, inayohesabika ya kwanza ya aina yake Marekani. Mimi niseme ukweli wangu, nawapenda hawa kuliko matajiri wa Santiago, lakini mapenzi hayalipi mkopo wa nyumba. Duka la ushirika linauza unga kwa maskini mwenzio na faida inarudi kwa mnunuzi, hakuna anayebaki na furushi la kwenda kujenga kiwanda. Ndo lilivyokusudiwa. Mjukuu wake leo ni mwalimu, ni nesi, ni fundi umeme mwenye chama cha wafanyakazi, anaishi kama Mmarekani wa kati, na ameoana na Mnorwei na Mjerumani mpaka kilichobaki Kifini ni sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Chuo chao cha Hancock walichokianzisha 1896 kimefungwa 2023. Na wapo waliokata tamaa kabisa, kama 6,000 hivi kutoka Marekani na Kanada walirudi miaka ya 1930 kwenda kujenga ujamaa Karelia, jirani na Ufini, upande wa Urusi ya Stalin, na 1937 na 1938 wengi wakapigwa risasi. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sasa mtu atasema si ndo hivyo, Mwarabu kafanya biashara kapata benki, Mzungu kaajiriwa kapata pensheni, damu ni damu. Ngoja. Kosa la mjadala wetu ni kumpima Mpalestina na Mfini. Mpime Mpalestina na Mpalestina.

Lebanoni. Mwaka 1948, ile vita ya kuzaliwa Israeli, waliingia kule kama laki moja, wamefukuzwa na wengine wamekimbia kutoka Galilaya, Haifa, Acre. Wakawekwa kwenye makambi, na makambi 12 yapo mpaka leo, Shatila, Ain al-Hilweh, ghorofa juu ya ghorofa na nyaya za umeme zinaning'inia vichochoroni. Vitukuu vya wale wa 1948 wamezaliwa pale na si raia. Hawezi kuwa daktari wa kuandikishwa, wakili, injinia, manake vyama vya hizo taaluma vinataka raia. Tangu 2001 sheria inamzuia hata kununua nyumba. Sensa ya 2017 ilihesabu kama laki moja na 74 elfu kwenye makambi na vitongoji vyake, wengi wanafanya vibarua vya ujenzi, mashambani, au wanangoja msaada wa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina. Ni damu ya Beit Jala? Karibu kabisa, ni saa chache kwa gari kama mipaka ingekuwa wazi. Ila Walebanoni wana hesabu zao za Wakristo na Waislamu kwenye serikali na hawataki laki za Wasuni ziongezeke kwenye daftari la kura, na ndo maana Wapalestina Wakristo wengi walipewa uraia miaka ya 1950 na Waislamu wakabaki kambini. Mnaona sasa kitu kilichowatenganisha watu wa nchi moja, hata damu haijaulizwa.

Na kipaji kilikuwepo! Yousef Beidas, mzaliwa wa Yerusalemu, alifika Beirut baada ya 1948, akaanzisha benki ya Intra 1951, ikawa kubwa kuliko zote Lebanoni, mpaka shirika la ndege na kasino vikawa chini yake, halafu Oktoba 1966 ikaanguka wiki moja tu. Wapo wanaosema iliachwa ianguke kwa sababu mwenyewe si mtu wa pale. Mimi nakubaliana nao nusu, benki ilikuwa na matatizo yake ya kweli ya hela, lakini ingekuwa ya mwenyeji wangekimbia kuiokoa haraka zaidi.

Mfini naye mpime na Mfini. Uswidi. Mwaka 1954 nchi za Nordiki, hizo za kaskazini mwa Ulaya kina Uswidi na Ufini, zilifungua soko la ajira, unapanda meli tu huna kibali wala viza. Wafini wakamiminika Volvo ya Gothenburg, viwanda vya Västerås, Södertälje, na 1969 na 1970 walihama wengi kiasi kwamba idadi ya watu Ufini ilipungua. Walitukanwa walevi, watu wa visu. Watoto wao shuleni walisumbuka na lugha na wengi waliishia kwenye mashine kama baba zao. Ila hao hawakuwekwa kwenye orodha ya kampuni wakafukuzwa. Walikuwa na haki za mfanyakazi wa Uswidi, matibabu, pensheni, na uraia wa haraka. Hawakuhitaji ushirika wa kofia manake serikali yenyewe ilikuwa kama ushirika mkubwa. Kizazi cha pili kikapanda taratibu, leo wenye asili ya Kifini kule wanazidi laki 7, tangu 2000 lugha yao ni lugha rasmi ya wachache, na kimapato huwezi kumchomoa kwenye foleni ukasema huyu Mfini. Hawakuwa na Yarur wala hawakuwa na Shatila.

Na kuna kitu kingine ambacho nadhani ndo kikubwa kuliko vyote na watu hawakihesabu, kwao kukoje. Ufini ilipata uhuru 1917, ikajijenga, miaka ya 1970 na 1980 makundi kwa makundi wakarudi kutoka Uswidi na akiba zao. Mfini akichoka ana pa kurudi. Mpalestina wa Chile alitaka kurudi, tena mapema. Mwingereza alipokuwa anatawala Palestina alitoa sheria ya uraia 1925, na maombi mengi ya waliokuwa Amerika ya Kusini yakakataliwa, umeshaondoka siku nyingi, basi. Wengine walikuwa wamejenga majumba ya mawe Bethlehemu, mazuri ajabu, kwa hela ya nguo, na wakawa hawana ruhusa ya kuyakalia. Hela ikabaki Santiago ikafanya kazi Santiago. Huo utajiri tunaoupigia makofi una nusu yake ya mlango uliofungwa nyuma.

Na ili mjue ni wakati na si damu, 2008 Chile hiyo hiyo iliwapokea Wapalestina wengine 117 waliokuwa wamekwama kambi ya Al-Tanf mpakani mwa Iraki na Syria. Waliwekwa La Calera, San Felipe na Santiago. Kabila ni lile, nchi ni ile, na matajiri wa kabila lao wapo tayari. Ila mali kauli haipo tena, viwanda vya nguo vilikufa, Patronato imeshajaa Wakorea na Wachina, na hawa ni watu waliozoea Baghdad, wengi Waislamu, wenye vyeti ambavyo Chile haivitambui. Wamesaidiwa kodi na masomo ya Kihispania, wakaanza kuuza vyakula, kunyoa, vibarua. Mjukuu wao tuzungumze 2080.

Sisi hapa sasa, na hapa nitaudhi watu. Wengi wetu Minnesota tumeingilia nyumba za wazee na hospitali. Kazi ya heshima, imesomesha ndugu zetu Kisii na Moshi na Arusha. Lakini bei ya saa yako inapangwa na nani? Sehemu kubwa ya hizo nyumba zinaishi kwa hela ya Medicaid, ile bima ya serikali ya matibabu ya wenye kipato kidogo, na viwango vinapangwa kwenye bunge la jimbo hapo St. Paul. Hata wale wenzetu waliojitutumua wakafungua nyumba zao za kulelea watu, bei haipangi yeye, anapangiwa. Kwa hiyo mnapokaa kujilinganisha na machinga wa Bethlehemu kwamba mbona yeye kaweza, mnajilinganisha na mtu mwingine kabisa. Sisi ni wasukuma toroli. Mfini anajua kitu kuhusu hali yetu, na alichofanya yeye ni kujua jina la mbunge wake, kulipa ada ya chama cha wafanyakazi, na kupitisha kofia. Tuna vikundi vya kuchangiana misiba hapa vinavyokusanya hela kuliko ile dola 15 na nusu kila wiki, na vyote vinaishia kwenye kusafirisha maiti.

Mzee wangu pale mbele kanyoosha mkono, niambieni kama nimemsikia vizuri, anauliza, hao wa Lebanoni wakifunguliwa milango leo kweli wataweza, au kambi imeshawaharibu? Mzee, tuna jibu tayari, Yordani. Wapalestina wa Yordani wengi walipewa uraia mapema, na ukienda Amman leo biashara binafsi kwa sehemu kubwa ni wao, ingawa nafasi za jeshi na usalama wanazipata kwa shida, na waliotoka Gaza 1967 hawakupewa uraia na wao ndo maskini mpaka leo. Benki ya Arab Bank iliyo Amman ilianzishwa Yerusalemu 1930 na Abdul Hameed Shoman, mtu wa Beit Hanina ambaye alifika New York 1911, na mzee unajua alianza na kazi gani? Alikuwa anatembeza nguo milangoni. Vita ilipofika 1948 benki ikahamia Amman na ikawalipa wakimbizi akiba zao, wakati benki nyingine zilikuwa zinawazungusha. Mwenyekiti ananionyesha saa, na wali naona umeshafunuliwa, anayetaka kubishana anikute kwenye foleni.